Kwa nini redio ya FM hupasua sauti hata mawimbi yakiwa na nguvu

Katika vibanda vya mafundi wa redio sokoni Kibuye mjini Kisumu, na vile vya karibu na steji za matatu mjini Nakuru, lalamiko la wateja ni lilelile: redio inakwaruza. Majibu nayo ni yaleyale. Ongeza waya wa eriali. Badilisha spika. Au, kwa fundi anayejiamini zaidi, "Hii filta imeisha, wacha nikuwekee kali." Kila mojawapo ya majibu haya lina siku yake ya kufaa. Ubaya ni kwamba mara nyingi hutolewa kabla ya yeyote kuuliza redio inakwaruza kwa namna gani, na bila swali hilo mwenye redio hulipia kifaa ambacho hakikuwa na kosa.

Sauti ya FM huharibika kwa namna mbili kuu. Ya kwanza ni mvumo, ile "shhhh" inayosikika hata mtangazaji akinyamaza. Ya pili ni kupasuka. Hapa mtangazaji akinyamaza, redio nayo inanyamaza kabisa, na akiongea kwa upole unamsikia vizuri. Lakini akicheka, kwaya ikipandisha sauti, au yakija maneno yenye "s" na "sh" nyingi, sauti inachanika. Mvumo huletwa na mawimbi hafifu. Kupasuka hutokea hata mawimbi yakiwa yamejaa tele, na ndiyo maana watu huongeza waya juu ya waya bila kupata nafuu.

Ili tuelewe kupasuka, tuanze na FM yenyewe. Tuseme kituo kiko 95.0. Maana yake kinarusha wimbi linalotikisika mara milioni 95 kila sekunde, na idadi hiyo ya mitikisiko ndiyo tunayoiita masafa. Mitikisiko milioni moja kwa sekunde ni megahezi moja, na elfu moja ni kilohezi moja. Redio za AM hubeba sauti kwa kuongeza na kupunguza nguvu ya wimbi huku masafa yakitulia palepale. FM ni kinyume: nguvu ya wimbi haibadiliki, masafa ndiyo yanayoyumba. Mtangazaji akinong'ona, wimbi linayumba kidogo kutoka katikati. Akipaaza sauti, linayumba mbali. Sauti nyembamba huliyumbisha mara nyingi kwa sekunde, na sauti nzito mara chache. Kiwango cha juu kinachotumika katika utangazaji wa FM ni kilohezi 75 kila upande, kwa hiyo kituo chetu cha 95.0, kikifika kwenye sauti kubwa kabisa, kinatembea kati ya 94.925 na 95.075. Namba iliyoandikwa kwenye redio ni ya katikati tu.

Mtu angedhani basi kwamba nafasi inayohitajika ni kilohezi 150, yaani 75 mara mbili. Sivyo. Wimbi linaloyumba huwa ni mkusanyiko wa mawimbi mengi yaliyopangana pande zote mbili za katikati, na yale ya pembeni yanavuka mpaka wa 75. Kwa hesabu kamili hayana mwisho, ila yanazidi kudhoofika kadiri yanavyokwenda mbali, mpaka kufika mahali ambapo kuyaacha hakudhuru. Mahali hapo tunapajua kutokana na kazi ya Mmarekani John Carson. Mwaka 1922 alichapisha hesabu zilizowavunja moyo wahandisi waliotumaini kwamba FM ingebana vituo vingi katika nafasi ndogo. Alionyesha kwamba hata ukiyumbisha wimbi kidogo sana, nafasi inayohitajika haipungui, na akaona kwamba njia hiyo huharibu sauti bila faida ya kufidia. Mmarekani mwingine, Edwin Armstrong, aliligeuza swali. Badala ya kubana, akapanua. Alipata hataza zake mwaka 1933, na mwaka 1935 akawaonyesha wahandisi wa New York kwamba wimbi likiachwa liyumbe mbali, mvumo hupungua kwa kiasi ambacho AM haikuwahi kukikaribia. Utulivu tunaousikia leo kwenye FM ulinunuliwa kwa upana, na atakayeuminya upana huo atailipia kwenye sauti.

Kanuni ya Carson ni rahisi: jumlisha kiwango cha kuyumba na masafa ya juu kabisa ya sauti inayobebwa, kisha zidisha kwa mbili. Sauti ya FM ya kawaida inafika kilohezi 15, kwa hiyo 75 na 15 ni 90, mara mbili ni 180. Kwa stereo mambo yanapanuka. Pamoja na sauti ya kawaida, kituo hubeba tofauti kati ya spika ya kushoto na ya kulia, nayo huwekwa juu, kuanzia kilohezi 23 hadi 53. Ukitumia 53 badala ya 15, jibu linakuwa 256.

Sasa tuje kwenye filta, yaani kichujio cha mawimbi. Hewa ya Kisumu imejaa vituo: Ramogi FM, Radio Citizen, Radio Maisha, Milele na vingine vingi, vyote vikifika kwenye eriali kwa wakati mmoja. Kazi ya filta ni kuruhusu kimoja na kuvizuia vingine. Ni vigumu kutengeneza filta nzuri inayohama kutoka kituo hadi kituo, kwa hiyo redio nyingi za kawaida hufanya ujanja: chochote ulichochagua hushushwa hadi megahezi 10.7, na hapo kinasubiriwa na filta moja isiyohama. Ukifungua redio ya aina hiyo utakiona, kijidude cha kauri chenye miguu mitatu. Huuzwa kwa upana tofauti, kama kilohezi 150, 180, 230 na 280. Redio mpya zenye chipu moja hufanya uchujaji huo kwa hesabu ndani ya chipu, lakini sheria ya upana ni ileile.

Filta inapitisha wimbi namna gani? Fikiria kwaya inayoingia kanisani kwa maandamano, waimbaji wamejipanga mstari mmoja bega kwa bega. Mlango ukiwa mpana, mstari unaingia ulivyo. Mlango ukiwa mwembamba, waimbaji wa pembeni wanabaki nje. Hadi hapo hakuna fumbo. Lakini upo mlango wa aina ya tatu. Upana unatosha kwa shida, ila wale wa pembeni wanagusana na miimo, wanajipenyeza, wanachelewa nusu hatua. Wote wameingia na ukiwahesabu hapungui mtu. Hata hivyo mstari umepinda, na wimbo waliouanza pamoja unafika mbele ukiwa umetawanyika.

Filta hufanya yote mawili. Hukata mawimbi ya pembeni kabisa, na yale yaliyo karibu na kingo zake huyachelewesha kuliko ya katikati. Ucheleweshaji huo hupimwa kwa sehemu za milioni za sekunde, na mtu atauliza unaweza kudhuru nini. Unadhuru kwa sababu ujumbe wa FM umo ndani ya wakati. Redio huisoma sauti kwa kuangalia mitikisiko inafuatana kwa kasi gani. Ukiisogeza mitikisiko hiyo, hata kwa kipimo kidogo, redio inasoma sauti ambayo haikutamkwa studio.

Hapa ndipo FM inapoachana na AM, na ndipo palipo na kutoelewana kwingi. Ukiweka filta nyembamba mno kwenye AM, unapoteza sauti nyembamba. Muziki unakuwa mzito na butu, lakini haupasuki. Wengi hudhani FM nayo hufanya hivyo, kwamba filta ikibana itakata tu sehemu ya juu ya sauti. Kwenye FM filta inayobana huongeza kitu. Filimbi ikipigwa kwa mitikisiko 1,000 kwa sekunde, upande wa pili unasikia pia 2,000 na 3,000 ambazo hakuna aliyezipiga. Zikipigwa noti mbili pamoja, 1,000 na 1,300, huzaliwa 300, 700 na 1,600. Noti hizi haziungani na muziki, na sikio huzitambua kama mkwaruzo. Ndiyo maana kipindi cha mazungumzo ya upole kinaweza kusikika vizuri kwenye redio ileile inayoichana kwaya ya watu arobaini.

Wanaojua redio kidogo huuliza, si kuna sehemu inayosawazisha nguvu ya wimbi? Ipo, inaitwa limita, na ni moja ya sababu FM haisumbuliwi sana na radi kama AM. Filta isiyo sawa hulifanya wimbi lipande na kushuka nguvu linapoyumba, na limita huyakata mabadiliko hayo. Lakini hukata ya nguvu tu. Kosa la wakati hupita katikati yake bila kuguswa, likaenda hadi kwenye spika. Hakuna sehemu ya mbele zaidi katika redio ya kawaida itakayolirekebisha, na kuongeza sauti kunalikuza.

Kwa hiyo usemi kwamba filta kali zaidi ndiyo redio nzuri zaidi haufai kuachwa uzunguke bila maelezo. Filta nyembamba ina kazi yake. Mtu aliye Busia anayetafuta kituo cha mbali cha upande wa Kenya, huku kituo chenye nguvu cha Uganda kikiwa jirani kabisa kwenye masafa, atafurahia filta ya 150. Atakubali sauti ipasuke kidogo ili aelewe kinachosemwa. Aliye Milimani, Nakuru, anayesikiliza vituo vya mjini kwa redio ya mezani hana sababu ya kujinyima. Mimi ningemwekea 230 au 280 bila kusita.

Stereo huumia mapema kuliko sauti ya kawaida, na sababu tumeshaiona. Ile tofauti ya kushoto na kulia imebebwa juu, kati ya 23 na 53, na ndiyo inayotupa mawimbi ya pembeni mbali zaidi, kwenye kingo za filta. Dalili ya kwanza huwa "s" zinazochanika. Ukiwa na kitufe cha mono, yaani cha kuiondoa stereo, kibonyeze. Sauti ikitulia papo hapo, umeshapunguza maswali kwa nusu bila kufungua redio.

Si kila filta imo ndani ya redio. Mlima nao ni filta. Mtu anayeishi uwanda wa Kano, chini ya magenge ya Nandi, hupokea wimbi moja linalotoka mnarani moja kwa moja na jingine lililogonga ukuta wa miamba likarudi. Tuseme la pili limesafiri kilomita tatu zaidi. Mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo limechelewa sehemu 10 za milioni za sekunde. Yanapokutana, kuna masafa ambayo yanasaidiana na masafa ambayo yanafutana, na kwa ucheleweshaji huo mashimo ya kufutana hujirudia kila baada ya kilohezi 100. Kumbuka kituo chetu kinayumba kilohezi 75 kila upande. Lazima kiingie kwenye shimo moja au zaidi kila sauti inapopanda. Wakazi walio chini ya Menengai au upande wa miteremko ya Mau wako katika hali hiyohiyo. Redio yao inaweza kuonyesha mawimbi yamejaa, na bado kwaya ikapasuka.

Mashimo hayo hayatulii mahali pamoja. Wimbi la megahezi 100 lina urefu wa mita tatu, na kusogea mita moja au moja na nusu kunatosha kubadilisha yanavyokutana. Ndiyo sababu matatu ikisimama kwenye msongamano Kondele sauti inaweza kuchanika, ikisogea urefu wa pikipiki moja ikawa safi, bila dereva kugusa kitu. Abiria husema redio ina waya uliolegea. Waya hauna kosa.

Kwa tatizo hili urefu wa eriali hausaidii. Robo ya urefu wa wimbi la FM ni kama sentimita 75, na eriali ya kawaida ya kuvuta imekaribia hapo. Waya wa mita nane uliofungwa kwenye mwembe utakusanya wimbi la mnara na la mlimani kwa pamoja, na kama uko karibu na mnara utaijaza redio mawimbi kupita uwezo wake, ipasue kwa sababu nyingine kabisa. Kinachosaidia ni mwelekeo: eriali ya juu ya paa yenye vijiti kadhaa, iliyoelekezwa mnarani na kuupa mlima mgongo. Kwa redio ndogo ya mezani, iondoe ukutani, igeuze, isogeze upande wa pili wa chumba. Kama nyumba ni ya mabati pande zote, ipeleke dirishani.

Magari kutoka Japani yameleta mkanganyiko wake. Redio za huko zilitengenezwa kwa masafa ya 76 hadi 90, na baadaye 95, wakati sisi tunatumia 87.5 hadi 108. Kijisanduku kinachofungwa kwenye waya wa eriali, ekspanda, hushusha vituo vyetu kwa kiasi fulani, kwa mfano megahezi 12, ili cha 100.0 kionekane kwenye 88.0. Wapo wanaodai kinabana sauti. Ekspanda iliyo sawa haibani chochote, inahamisha tu. Lakini ikiwa imetengenezwa kwa uzembe na badala ya kushusha 12 kamili inashusha 12.05, kila kituo kitakaa kilohezi 50 pembeni ya katikati ya filta. Upande mmoja wa wimbi utapita vizuri na upande wa pili utakatwa. Dalili yake haina mshindani: vituo vyote vinapasuka ndani ya gari hilo moja, na simu yenye FM iliyowekwa kwenye kiti cha pembeni inavipata vyote vizuri. Badilisha ekspanda, usiguse spika.

Walinzi wanaotumia redio za mkononi, kwenye mitaa ya Nakuru au mashamba ya maua ya Naivasha, wanaishi na tatizo hili kila usiku, na hao nawaonea uchungu kuliko wasikilizaji wa muziki, kwa sababu neno lisiloeleweka linaweza kumgharimu mtu. Redio hizo nazo ni FM, ila nyembamba sana. Kuna mpangilio mpana, wimbi likiyumba kilohezi 5 kila upande, na mwembamba, likiyumba 2.5. Sauti ya mtu katika redio hizi inafika kilohezi 3 hivi, kwa hiyo kanuni ya Carson inatupa 16 kwa ule mpana na 11 kwa mwembamba. Mlinzi mwenye redio iliyowekwa mpana akimwita mwenye redio iliyowekwa nyembamba, filta ya mpokeaji inakata pande zote mbili kila anapopaza. Mpokeaji haelewi, anasema "rudia". Mwitaji anapiga kelele, na kelele inayumbisha wimbi zaidi, hadi kwenye mpaka wa redio yake, ikizidi kugonga kingo za filta. Anayetaka kueleweka ashushe sauti, aongee kwa kawaida, mdomo ukiwa vidole vichache kutoka kwenye maiki. Halafu msimamizi azikusanye redio zote za lindo hilo aziweke kwenye mpangilio mmoja.

Kuna pia wanaosema FM inapasuka siku hizi kwa sababu "tulihamia dijitali". Kilichozimwa Kenya mwaka 2015 ni televisheni ya analogi. Redio ya FM iko ilivyokuwa, na king'amuzi hakihusiki nayo.

Kabla ya kufungua redio, basi, sikiliza. Mvumo usiokoma ni wimbi hafifu, na hapo eriali inaweza kusaidia. Sauti ikipasuka na kubadilika unaposogeza redio, ni mlima, ukuta au mabati. Kituo kimoja kikipasuka kwenye redio zote za mtaa, kosa liko kwenye mtambo wa kituo hicho, pengine kinayumbisha wimbi kupita kile kiwango cha 75. Redio moja ikipasua vituo vyote, popote uiwekapo, ndipo uishuku yenyewe: kwanza spika, ambayo utaipima kwa kuchomeka vifaa vya masikioni, kisha filta na koili, yaani vijiviringo vya waya, zinazoizunguka.

Na fundi anayeibadilisha filta hiyo aangalie mambo mawili. La kwanza ni upana, uwe ule uliokuwepo. La pili ni doti ya rangi iliyo juu yake, kwa sababu filta za kauri hazitoki kiwandani zikiwa sawa kabisa. Kwa kawaida doti nyekundu ni 10.70 kamili, ya bluu ni 10.67 na ya chungwa ni 10.73. Redio yenye filta mbili ikiwekewa moja ya bluu na nyingine ya chungwa, milango imepishana kwa kilohezi 60, na inayobaki wazi kwa pamoja ni nyembamba kuliko kila mmoja wao. Zote mbili ziwe rangi moja. Koili iliyo jirani isikazwe kwa bisibisi ya chuma, kwa kuwa chuma chenyewe huihamisha koili kikiwa karibu, na ukikiondoa inarudi pengine. Bisibisi ya plastiki inatosha, na izungushwe polepole kituo kikiwa kinacheza, hadi "s" za mtangazaji ziache kuchanika.